Taifa Linalokaa Dirishani



Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Januari, wakati nchi ya Uingereza imeshikwa na baridi na miti imepukutika majani, hutokea jambo ambalo mgeni hawezi kulifahamu upesi. Watu kwa maelfu na maelfu, wazee na watoto, matajiri na vibarua, hukaa dirishani kwa muda wa saa moja kamili, karatasi mkononi, wakitazama nje. Wanahesabu ndege. Shomoro wangapi? Njiwa wangapi? Na yule mdogo mwenye kifua chekundu, amekuja au hakuja? Saa ikiisha, kila mmoja hupeleka hesabu yake kwa shirika kubwa linalolinda ndege. Desturi hiyo ilianza mwaka 1979, nayo ilikuwa kazi ya kuwachangamsha watoto tu. Mwaka 2021 walioshiriki walipita milioni moja.

Pengine mtacheka na kusema: « Je, watu hawa hawana kazi? Ndege yule hawamli, hawamuuzi, wala hawamfugi. Wanamhesabia nini? » Swali hilo ni zuri, nasi tusilipite mbio. Mpira una mshindi, uwindaji una kitoweo. Lakini kutazama ndege kuna faida gani, hata taifa zima likafanya jambo hilo kuwa burudani yake? Leo tufuate habari yenyewe tangu mwanzo. Ni habari ya watu waliojifunza, polepole na kwa shida, kukipenda kitu bila kukitia mkononi.

Mchungaji na nyimbo tatu

Katika karne ya kumi na nane, katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza, aliishi mchungaji wa Kanisa la Kianglikana, jina lake Gilbert White. Alizaliwa hapo mwaka 1720, akafa hapo mwaka 1793. Hakuwa mtu wa cheo kikubwa, wala hakusafiri nchi za mbali. Kazi ya kanisa ikiisha, alitembea katika mashamba na misitu ya kijiji chake, akatazama, akasikiliza, akaandika.

Wakati ule wenye elimu walimjua ndege akiwa maiti: walimpiga risasi, wakampima mabawa, wakamweka kabatini. White naye hakuikataa bunduki, lakini alitegemea zaidi macho na masikio yake. Walikuwako ndege wadogo wa rangi ya majani mabichi, ambao watu waliwadhani kuwa wa aina moja. Yeye aliwasikiliza wakiimba, akasema: La, hawa ni aina tatu, maana nyimbo zao ni tatu. Waliokuja baada yake walihakikisha kwamba alisema kweli.

Barua alizowaandikia rafiki zake zilipigwa chapa zikawa kitabu chenye tarehe ya mwaka 1789, na Waingereza wangali wakikisoma hata leo. Humo wamejifunza kwamba mtu asiyetoka kijijini mwake aweza kugundua jambo lisilojulikana na wakuu wa elimu, mradi awe na saburi na daftari.

Lakini swali moja lilimshinda White. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, mbayuwayu huonekana Uingereza, hujenga viota vyao chini ya mapaa, hulea makinda, na kabla ya baridi hutoweka wote. Huenda wapi? Wengine walisema kwamba huvuka bahari. Wengine walisema kwamba hulala usingizi katika mashimo, hata chini ya maji ya maziwa. White aliyumba kati ya maneno hayo mawili, asiweze kukata shauri. Shikeni swali hilo, tutalirudia.

Kofia na mayai

Msidhani kwamba Waingereza wote waliiga mfano wa White. Kwa miaka mia na zaidi, wengi waliosema wanapenda ndege waliwapenda kama paka anavyowapenda. Mabwana wakubwa walijaza nyumba zao ndege waliokaushwa. Vijana walipanda miti na majabali kuiba mayai. Waliyatoboa, wakapuliza kilichomo, wakayapanga katika masanduku yenye pamba. Na kadiri ndege alivyokuwa adimu, ndivyo yai lake lilivyotafutwa zaidi. Nao mabibi wa mijini walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege, pengine ndege mzima akiwa amebandikwa juu ya kofia. Manyoya yaliyosifiwa kupita yote ni yale ya yangeyange, membamba kama uzi, ambayo humwota majira ya kuzaa. Basi wawindaji waliwaua wazazi penye viota, na makinda yakabaki kufa njaa.

Mwaka 1889, huko Didsbury, karibu na mji wa Manchester, bibi mmoja aitwaye Emily Williamson aliona kwamba yatosha. Aliwaalika wanawake nyumbani kwake, wakaahidiana kutovaa manyoya ya ndege yeyote asiyeuawa kwa ajili ya chakula, isipokuwa mbuni peke yake. Hawakuwa na silaha nyingine ila ahadi hiyo. Upesi waliungana na wanawake wenzao wa pande za London, na chama chao kikakua; mwaka 1904 kikapewa hati ya mfalme. Ndicho shirika linaloitwa leo RSPB, nalo lina wanachama zaidi ya milioni moja. Hata hivyo, sheria ya kukataza manyoya yasiletwe Uingereza kutoka nchi nyingine ilipitishwa mwaka 1921. Hesabuni wenyewe: miaka 32 tangu ile siku ya Didsbury! Mwenye haraka asijitie katika kazi ya namna hii.

Barua kutoka Natal

Turudi kwa mbayuwayu. Mwaka 1909, Harry Witherby, mchapishaji wa vitabu mjini London, alianzisha mpango wa kuwavisha ndege pete mguuni. Pete ni nyepesi sana, nayo imeandikwa namba na anwani. Mtu yeyote atakayemwona ndege huyo, aandike barua kueleza siku na mahali.

Tarehe 6 Mei 1911, mwanasheria mmoja wa jimbo la Staffordshire, jina lake John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyemkamata barazani kwa nyumba yake, akamwachilia. Fikirini udogo wa ndege huyo: uzito wake ni kama gramu 20. Ikapita mwaka mmoja, na miezi mingine. Kisha barua ikafika London kutoka Natal, Afrika Kusini. Ilisema kwamba mwezi wa Desemba 1912, mbayuwayu alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba moja, na mguuni alikuwa na pete yenye namba B830. Ndiye yule wa Staffordshire.

Hivi swali lililomshinda White likapata jibu, karibu miaka 120 baada ya kufa kwake. Nanyi angalieni nani waliolijibu. Aliyefunga pete ni mwanasheria. Waliomwona ndege ni watu wa shambani. Aliyeandika barua hakujuana na yule wa kwanza. Hakuna hata mmoja aliyelipwa. Kumbe mbayuwayu hawalali chini ya maji! Huvuka bahari, huvuka jangwa, na wengi wao hupita juu ya vichwa vyetu hapa Kongo, wakienda kusini na wakirudi.

Nyuma ya seng'enge

Wakati wa vita kuu ya pili, askari Waingereza wengi walitekwa na Wajerumani. Miongoni mwao alikuwako John Buxton, aliyetekwa huko Norwe mwaka 1940. Mfungwa ana nini? Ana njaa, ana baridi, ana siku nyingi zisizo na kazi. Buxton aliona kwamba ndege mdogo mwenye mkia mwekundu alikuwa akijenga kiota karibu na kambi. Ndege huyo aliingia na kutoka, wala seng'enge haikumzuia. Buxton akaanza kumwangalia na kuandika kila afanyalo: saa ya kuimba, saa ya kulisha makinda, mara ngapi ameleta mdudu. Aliwaomba wenzake wamsaidie kwa zamu. Mwaka 1943 jozi moja tu ya ndege hao waliiangalia kwa muda wa saa kama 850. Vita vilipokwisha, maandiko yale yakawa kitabu, kilichotoka mwaka 1950. Ni ndege wachache waliokuwa wamechunguzwa kwa uangalifu kama huo, tena na watu waliokuwa huru.

Wafungwa wenzake wawili wapendao ndege tuwataje pia. Peter Conder, baada ya vita, alikuja kuwa mkuu wa shirika la RSPB. Mwingine ni George Waterston, Mskoti, ambaye mwaka 1948 alifungua nyumba ya kuchunguza ndege katika kisiwa cha Fair Isle. Watu hao walitoka kifungoni na kazi yao tayari moyoni.

Siri iliyofunguliwa

Huyu Waterston ndiye aliyefanya jambo jingine la kushangaza. Katika Uskoti alikuwako zamani tai mmoja mla samaki, ambaye wenye bunduki na wezi wa mayai walimmaliza. Kwa miaka mingi hakuzaa tena nchini. Katika miaka ya 1950 jozi moja ikarudi, ikajenga kiota karibu na ziwa la Loch Garten. Walinzi wakaificha habari, wakakesha chini ya mti. Haikufaa kitu: usiku mmoja wa mwaka 1958 mwizi alipanda, akachukua mayai, na mahali pake akaweka mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu!

Mwaka uliofuata Waterston aligeuza shauri. Badala ya kuficha, aliwaita watu wote. Kikajengwa kibanda mbali kidogo na mti, zikawekwa darubini, na magazeti yakatangaza. Mwaka ule wa 1959 watu kama 14,000 walikuja kutazama, na makinda yakakua salama. Macho ya watu elfu kumi na nne yalikuwa mlinzi bora kuliko giza. Leo jozi za tai huyo katika Uingereza zimepita 200.

Kozi na dawa ya wadudu

Mwenye kutazama kwa upendo asikatae kusikia habari asizozipenda. Kwenye mwaka 1960, wafugaji wa njiwa wa mashindano waliilalamikia serikali kwamba kozi, yule ndege mkali arukaye kama mshale, wamezidi mno na wanamaliza njiwa wao. Wakaomba kozi asilindwe tena na sheria. Serikali ikataka ihesabu kwanza. Kazi hiyo aliiongoza Derek Ratcliffe mwaka 1961 na 1962, akisaidiwa na watazamaji wa kila jimbo waliojua majabali ya kozi tangu utoto wao.

Je, waliona nini? Kwamba wafugaji wamekosa kabisa. Kozi hawakuzidi, bali walikuwa wakitoweka! Majabali mengi yalikuwa matupu, na katika viota vilivyobaki mayai yalipasuka chini ya mama zao. Kwa nini? Ratcliffe alikwenda kwenye yale masanduku ya zamani ya mayai, akapima maganda, akalinganisha ya kale na mapya. Mwaka 1967 alitangaza jibu: tangu kama mwaka 1947 maganda yalikuwa yamekuwa membamba ghafula. Ndiyo miaka ambayo dawa ya kuua wadudu iitwayo DDT ilianza kutumiwa mashambani. Mdudu huila, ndege mdogo humla mdudu, kozi humla ndege mdogo, na sumu huzidi kila hatua.

Basi sumu hizo zikapunguzwa, mwisho zikakatazwa, na kozi wakarudi. Sasa wanajenga hata katika minara ya makanisa makuu mijini. Wizi wa mayai ulikuwa mbaya, nao umekatazwa na sheria tangu mwaka 1954. Lakini oneni jinsi hata akiba ile mbaya ilivyotoa ushahidi kwa sababu kila yai lilikuwa limeandikiwa tarehe na mahali.

Wenye mbio

Sitaki mdhani kwamba kila Mwingereza mwenye darubini ni mtu wa hekima. Wako ambao tamaa ya zamani ya kukusanya imebaki mioyoni mwao. Badala ya mayai wanakusanya majina. Wana orodha ndefu, na wakisikia kwamba ndege mgeni ametua mahali, huacha kazi, huacha hata karamu ya arusi, wakakimbilia huko wamtie katika orodha. Mwezi wa Februari 1989, ndege mmoja mdogo wa Amerika, aliyepotezwa na upepo, alionekana jimboni Kent, karibu na duka kubwa. Maelfu ya watu walijazana penye magari na katika njia za majirani, shingo zimenyoshwa, kumtafuta ndege asiyezidi kidole gumba kwa unene! Mtu wa namna hiyo akishamwona ndege, mara nyingi humaliza naye. Mwenye kuangalia shomoro wale wale wa nyumbani kwake miaka ishirini anajua mengi kuliko yeye.

Na huyo wa shomoro ndiye aliyelitahadharisha taifa. Hesabu za dirishani zimeonyesha kwamba tangu mwaka 1979 shomoro wamepungua zaidi ya nusu. Hakuna aliyeona wakiondoka. Leo wapo saba, mwakani sita, na jicho huzoea. Ni karatasi peke yake isiyozoea.

Kekeo, mgeni wetu

Sasa tuje kwetu. Yuko ndege aitwaye kekeo, yule asiyejenga kiota, bali hutaga katika kiota cha mwingine na kumwachia ulezi. Kwa Waingereza, sauti yake mwezi wa Aprili ndiyo tangazo la kwisha kwa baridi. Hata mtoto mdogo aijua. Wahesabuji waliona kwamba kekeo wanapungua vibaya sana: katika sehemu kubwa ya nchi, sauti ile haisikiki tena. Wakatafuta sababu huko kwao, wasiipate yote, maana kekeo dume hukaa Uingereza kama miezi miwili tu. Miezi mingine yuko wapi?

Mwaka 2011, wachunguzi wa shirika liitwalo BTO waliwafunga kekeo watano wa jimbo la Norfolk kila mmoja chombo kidogo mgongoni, chenye uzito wa gramu 5, kinachopeleka habari kwa setilaiti. Wakawafuata kwa ramani: wengine kwa njia ya Hispania, wengine kwa Italia, kisha jangwa la Sahara, na mwisho misitu ya bonde la Kongo! Mmoja wao, waliyemwita Chris, walimfuata kwenda na kurudi hata mwaka 2015. Baadaye wakaona kwamba wanaopita njia ya Hispania hufa zaidi njiani.

Tafakarini jambo hilo. Ndege ambaye Waingereza wanamwita wao, anakaa kwetu muda mrefu kuliko kwao. Tena, akiwa huku karibu haimbi kabisa. Wao wanamjua kwa masikio. Sisi, tukitaka kumjua, sharti tumjue kwa macho. Setilaiti inaweza kueleza kwamba yuko katika msitu fulani. Haiwezi kueleza anakula viwavi gani, anatua juu ya mti gani, wala kama mti ule ungaliko au umekatwa mwaka jana. Hayo anayaweza mtu aliyesimama chini yake.

Nani basi atayaandika? Wazee wetu wanajua ndege wengi, na kila mmoja kwa jina lake katika lugha ya nyumbani: huyu atangaza mvua, huyu aongoza watu kwenye asali, huyu hulia penye nyoka. Lakini elimu hiyo imo vichwani tu, nao vijana wengi wanajua manati na ulimbo zaidi ya majina. Mzee akifa, ndege abaki msituni bila jina. Na siku ndege naye akitoweka, hatatokea mtu wa kusema kwamba alikuwako.

Kwa hiyo nawapa kazi, hasa ninyi wanafunzi. Haitaki darubini wala fedha. Chagueni mahali pamoja, kama mwembe wa nyuma ya shule au ukingo wa mto. Kila Jumamosi, saa ile ile, kaeni hapo saa moja bila kelele. Andikeni tarehe, saa, hali ya hewa, ndege gani, wangapi, wafanya nini. Msipomjua, mwelezeni: ukubwa, rangi, mdomo, sauti. Jioni mwulizeni babu au bibi jina lake, mliandike kando. Msikose wiki mkisema hakuna jipya. Hata siku isiyokuwa na ndege iandikwe, maana nayo ni habari. Na daftari likijaa, msilitupe.

Mwezi wa Oktoba mbayuwayu watapita tena wakitoka Ulaya, nao hutua kwa makundi juu ya nyaya na matete. Kabla ya siku hiyo muwe mmekwisha kuzoea kazi, mpate kuandika tarehe ya kwanza mliyowaona.